Prosesa za michezo: herufi moja yaweza kula faida ya mzigo mzima

Kwa mfanyabiashara auzaye kompyuta za michezo, na kwa mwenye mtaji mdogo anayekusudia kufungua ukumbi wa gemu wa mashine tano au kumi, kosa la ghali zaidi hufanyika katika kifaa kidogo kabisa, nacho ni prosesa. Prosesa mia moja huingia katika begi la mkononi kutoka Dubai au Guangzhou, uzito wake haumtishi mtu wa shehena ya ndege, na thamani yake inatosha kununua kiwanja. Ndiyo sababu wachuuzi wengi wa vifaa vya kompyuta huanzia hapo. Ndiyo sababu pia baadhi yao hukwama hapo, maana prosesa yenye kasoro haishuki bei pole pole kama friji. Siku soko likiijua kasoro hiyo, mnunuzi hapatikani.

Makala hii inalitazama soko hilo kwa jicho la mnunuzi wa mzigo. Bei zinazotajwa ni zile zilizotangazwa na watengenezaji nchini Marekani siku bidhaa ilipotoka, kwa dola, kabla ya nauli, kodi na cha juu cha dalali. Bei ya Kariakoo, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, msomaji ataipata kwa miguu yake.

NANI ANAMCHELEWESHA NANI

Katika mchezo wa kompyuta kuna vibarua wawili. Prosesa hupiga hesabu: mpira umeelekea wapi, adui amejificha nyuma ya ukuta gani, risasi imempata nani. Ikimaliza huikabidhi kazi kadi ya picha, nayo huchora. Picha zikitoka 60 kwa sekunde mchezo huwa laini. Zikishuka chini ya 30 mteja huanza kulalamika na kuomba arudishiwe fedha. Mwendo wa mashine nzima ni mwendo wa yule kibarua mzito kati ya hao wawili, na kumwongezea mshahara mwenzake hakusaidii kitu.

Kumtambua kibarua mzito ni kazi ya dakika tano. Fungua mchezo, onyesha idadi ya picha kwa sekunde, kisha punguza ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Idadi ikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Ikibaki pale pale, prosesa ndiyo mzigo. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, lakini wapo wenye kumbi wanaonunua kadi mpya kumi bila kukifanya.

Mtu wa tatu anayesahaulika ni skrini. Skrini ya 60Hz huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Prosesa inayotoa 200 kwenye skrini hiyo ni mtaji uliolala. Kwa upande mwingine, vijana wanaoshindana katika Counter-Strike 2 au Valorant hutaka skrini za 144Hz au 240Hz, na michezo hiyo ndiyo inayoipa prosesa jasho kuliko kadi. Basi kabla ya kuuliza bei ya prosesa, muuzaji amuulize mteja wake anacheza nini na anatazama kwenye skrini gani. Mwenye kuchezea kwenye skrini ya 4K fedha yake iende kwenye kadi kwanza.

CORE i7 YA JANA NA i3 YA LEO

Neno linalouza kompyuta kuliko yote madukani ni "Core i7". Linauza vibaya. Core i7-4790K ya mwaka 2014 hufika kasi ya 4.4GHz. Core i3-12100F ya Januari 2022, iliyotoka kwa dola 97, hufika 4.3GHz. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane. Hata hivyo hiyo i3 huiacha i7 mbali katika michezo, na huishinda pia i7-7700K ya 2017, kwa sababu katika kila mpigo mmoja hufanya kazi nyingi zaidi. GHz hulinganishwa kati ya ndugu wa kizazi kimoja tu.

Kizazi husomwa katika namba. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, i5-12400 ni ya 12. Somo hili limekuwa na uzito wa fedha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa ujumla huzikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na za AMD kuanzia Ryzen 2000, tena mashine iwe na TPM 2.0. Mafundi wanazo njia za mkato za kuiingiza kwa nguvu, lakini kuna michezo isiyodanganyika: Valorant ndani ya Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot ndipo ifunguke.

Sasa tazama makontena ya kompyuta za mitumba za ofisini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Nyingi zina i5-6500 au i5-7500, zenye viini vinne na nyuzi nne tu. Kwa karani na kwa shule bado ni mashine nzuri. Kwa michezo ya miaka ya karibuni hukwamakwama, picha zikasimama nusu sekunde katikati ya mapigano. i5-8500, iliyotoka 2018, ina viini sita na inakubalika Windows 11. Kwa macho ya mnunuzi asiyejua, kasha ni lile lile na rangi ni ile ile. Mwenye kuagiza mitumba kwa ajili ya michezo aandike "kizazi cha 8 na kuendelea" katika oda yake, na asikubali kuchanganyiwa.

Aidha, mashine hizo zina pawasaplai ndogo, mara nyingi yenye plagi za kampuni husika pekee, na zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Kadi inayofaa humo ni ile inayojitosheleza kwa wati 75 za kwenye soketi yake, mathalani GTX 1650 isiyo na waya wa ziada. Ukiweka prosesa kubwa humo huna kadi ya kuifuatia.

Kuna pia mzigo wa Kichina wa mazabodi za X99 zenye Xeon za seva zilizostaafu, kama E5-2680 v4 ya 2016. Viini 14, nyuzi 28, bei ya kutupwa. Tangazo hung'aa. Lakini kasi yake ya juu kabisa ni 3.3GHz, kizazi chake ni cha kale, haimo katika orodha ya Windows 11, na michezo mingi haina kazi ya kuvipa viini vyote hivyo. Mtu wa kuhariri video anaweza kuinunua na akafurahi. Mcheza gemu atairudisha.

HERUFI NA TARAKIMU ZA MWISHO

Hapa ndipo faida nyingi huyeyukia. Herufi F kwa Intel maana yake prosesa haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. i5-12400 ilitoka kwa dola 192, i5-12400F kwa dola 167. Anayeunganisha mashine za michezo zenye kadi anunue F na kuweka dola 25 mfukoni kwa kila mashine. Anayeagiza F ishirini kwa ajili ya mashine zisizo na kadi atakuwa na skrini ishirini nyeusi, na mteja hatamwelewa.

Herufi K huruhusu kuongeza kasi kwa mkono, na kwa kawaida boksi lake halina feni. Hali kadhalika prosesa za AMD zenye X3D huja bila feni. Bei ya feni iingizwe kwenye hesabu kabla ya kutangaza bei ya mashine, hasa kwetu pwani ambako chumba chenyewe kina nyuzijoto 30 na zaidi kabla mashine haijawashwa.

Kwa AMD mtego upo katika kashe, yaani kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 5 5600 ina MB 32 za ngazi ya tatu. Ryzen 5 5600G, yenye uwezo wa kutoa picha bila kadi, ina MB 16. Ryzen 5 5500, ambayo kwa jina inaonekana kuwa nyuma kwa hatua moja ndogo tu, nayo ina MB 16 na hutumia njia ya zamani zaidi, PCIe 3.0, kuzungumza na kadi. Zote tatu zina viini sita na nyuzi kumi na mbili, hivyo kwenye karatasi ya dalali huonekana mapacha. 5600G ni ya mteja ambaye hatanunua kadi mwaka huu. Mwenye kadi mkononi apewe 5600.

Katika kompyuta za mapajani mambo ni mabaya zaidi. Ryzen 5 7520U ina jina la mfululizo wa 7000, lakini ndani yake mna viini vinne vya Zen 2, teknolojia iliyotoka 2019. Kisheria hakuna kosa. Kibiashara, anayeiuza kama mashine ya michezo hamwoni mteja huyo mara ya pili.

KISA CHA INTEL KIZAZI CHA 13 NA 14

Jambo hili mnunuzi wa mitumba alisome mara mbili. Intel ilitoa kizazi cha 13 mwezi Oktoba 2022 na cha 14 Oktoba 2023. Baadaye wachezaji na waunda michezo wakaanza kulalamika kuwa mashine zenye prosesa kubwa za vizazi hivyo zinazima na michezo inajifunga bila sababu. Julai 2024 Intel ilikiri kwamba maelekezo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba umeme wa volti kubwa kuliko inavyostahili. Agosti 2024 ilitoa marekebisho kupitia BIOS, ikaongeza mengine Septemba, na ikarefusha dhamana ya modeli husika kwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano. Orodha ya dhamana hiyo inaanzia i5-13600K na i5-14600K, ikapanda kwenye i7 na i9.

Neno zito katika taarifa hizo ni kwamba marekebisho hayo huzuia madhara yasitokee, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Sasa jiulize i9-13900K inayouzwa kwa bei ya huruma imetoka wapi. Inawezekana mwenyewe amehamia mtambo mpya. Inawezekana pia imeungua taratibu kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya marekebisho, na ikipimwa kwa dakika kumi dukani haionyeshi dalili yoyote. Ugonjwa huonekana baadaye, mteja akiwa nyumbani, kwa ujumbe wa ajabu ajabu ambao kila fundi atausingizia RAM au kadi.

Maoni ya safu hii ni kwamba i7 na i9 za vizazi hivyo viwili za mtumba, zisizo na boksi wala risiti ya kudai dhamana, ziachwe hata zikishuka nusu ya bei. Anayeona hawezi kuziacha akague kwanza kama BIOS ya mazabodi ni ya baada ya Septemba 2024, aitese prosesa kwa saa kadhaa za kazi nzito, na aandikiane na muuzaji haki ya kurudisha ndani ya siku thelathini. Kizazi cha 12 hakimo katika tatizo hili. i5-12400F ya mtumba, kwa hiyo, ina thamani ya usalama ambayo haionekani kwenye jedwali la kasi.

Mwezi Oktoba 2024 Intel ilileta Core Ultra 200S kwa soketi mpya ya LGA1851. Zilipunguza ulaji wa umeme, lakini katika michezo mingi kinara wake, Core Ultra 9 285K ya dola 589, alishindwa hata na i9-14900K aliyetakiwa kumrithi. Soko halikusamehe: Core Ultra 7 265K iliyoanza kwa dola 394 ilishuka hadi kuzunguka dola 300 mwaka 2025. Waliojaza rafu wiki ya kwanza walibeba tofauti hiyo wenyewe.

RAFU YA DUKANI NA GHALA

Kwa upande wa AMD, neno la kukumbuka ni X3D. Muuzaji wa duka anaelewa jambo hili kuliko mhandisi: bidhaa iliyo kwenye rafu nyuma ya kaunta hutoka mara moja, iliyo ghalani humtuma kijana akaifuate wakati mteja amesimama. Kashe ni rafu, RAM ni ghala. Michezo huomba vitu vingi vidogo vidogo bila mpangilio, kwa hiyo kijana hukimbia ghalani mara nyingi. Aprili 2022 AMD ilibandika rafu ya ziada juu ya prosesa, ikatoa Ryzen 7 5800X3D yenye MB 96 badala ya 32. Kasi yake ya juu ni 4.5GHz, chini ya 4.7GHz ya ndugu yake 5800X, na bado katika michezo ilimshinda.

Zikafuata 7800X3D Aprili 2023 kwa dola 449, na 9800X3D Novemba 2024 kwa dola 479. Zote zina viini vinane tu. Hiyo 9800X3D ilipotoka ilizishinda katika michezo prosesa zenye viini mara mbili na bei kubwa zaidi. Ni bidhaa ya mteja mwenye kadi ya bei mbaya na skrini ya kasi. Katika miji yetu mteja huyo yupo, lakini ni mmoja mmoja. Agiza kwa oda yenye malipo ya awali.

BEI YA RAM IMEINGIA KATIKATI

Hadi mwaka 2025 ushauri wa kawaida ulikuwa kwamba anayeunda mashine mpya aende moja kwa moja kwenye soketi ya AM5 ya AMD, kwa kuwa kampuni imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Ahadi hiyo ina uzito: soketi iliyotangulia, AM4, ilipokea prosesa kuanzia Ryzen za kwanza za 2017, na mazabodi nyingi za mwaka ule ule, baada ya kubadilishiwa BIOS, zikaweza kupokea 5800X3D ya 2022.

Lakini AM5 haipokei RAM nyingine isipokuwa DDR5. Kuanzia robo ya mwisho ya 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kishindo, viwanda vikielekeza mzigo kwenye vituo vya akili bandia, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kujitoa katika biashara ya RAM za rejareja za jina la Crucial. Kwa mtu wa mashine kumi, RAM ndiyo inayoamua prosesa. Mwenye DDR4 stoo, au anayeweza kuzitoa kwenye mitumba ya ofisini zikiwa ndefu za mezani, ana sababu ya kubaki AM4 na Ryzen 5 5600, au LGA1700 na i5-12400F, ambayo mazabodi zake zipo za DDR4 na za DDR5. Muuzaji asisahau kuuliza ni ipi. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine.

HESABU YA UKUMBI

Ukumbi wa kompyuta unashindana na vibanda vya PlayStation, na kwa mpira wa miguu vibanda vimeshashinda. PS5 ya Novemba 2020 ina viini vinane vya Zen 2 ndani yake na haimpi mwenyewe kazi ya kuchagua chochote. Ukumbi wa kompyuta hulipa kwa michezo ambayo haimo PlayStation, kama Counter-Strike 2 na Dota 2. Kwa michezo hiyo Ryzen 5 5600 au i5-12400F zinatosha, tena kwa ziada.

Umeme nao uhesabiwe. Prosesa inayozidi nyingine kwa wati 90 ikiwa kazini, kwa mashine kumi, saa kumi na mbili kwa siku, ni uniti 10.8 kila siku, yaani 324 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti ya LUKU yako, kisha uongeze feni au kiyoyozi cha kuliondoa joto hilo chumbani. Tofauti ya namna hiyo ipo kweli: i9-14900K imeruhusiwa na mtengenezaji kufika wati 253, wakati 7800X3D ikicheza gemu hukaa chini ya 100.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Prosesa zisizo na boksi, zile za trei, ni nafuu, lakini dhamana yake ni ya aliyekuuzia, si ya kiwanda. Zipo pia zilizofutwa jina na kuchorwa jina kubwa zaidi juu ya ganda. Washa mashine, soma jina ndani ya programu ya CPU-Z, ulinganishe viini na kashe na yaliyoandikwa juu.

Prosesa za AM4 zina pini chini yake. Kagua mistari kwa mwanga wa pembeni, pini moja iliyolala huonekana. Unapoitoa, pasha mashine joto kwanza na uizungushe feni kidogo kabla ya kuivuta, la sivyo gundi iliyokauka huing'oa prosesa pamoja na soketi imefungwa. Kwa LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye mazabodi, basi huko ndiko pa kukagua.

Mazabodi za B450 zilizokaa rafuni tangu kabla ya mwisho wa 2020 haziwaki na Ryzen 5000 mpaka BIOS ibadilishwe, na kuibadilisha huhitaji prosesa ya zamani au mazabodi yenye kitufe cha kufanya kazi hiyo bila prosesa. Fundi wa duka awe na Ryzen moja ya zamani droo­ni kwa ajili hiyo. Kwa LGA1700, kizazi cha 14 ndicho kilichofunga orodha yake ya prosesa za kawaida za michezo. Anayeagiza mazabodi zake aagize idadi inayolingana na prosesa alizo nazo au alizolipia, na akiba ya ziada aiweke upande wa AM5.